Ubepari na Ukomunisti katika Maisha ya Mtu wa Kawaida: Fundisho la Poland kwa Mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa



Katika Jumuiya zetu Ndogondogo za Kikristo, na hata nje ya kanisa baada ya Misa Takatifu, husikika mara kwa mara mabishano ya vizazi viwili. Wazee husema kwamba zamani, ijapokuwa sukari ilikuwa ya shida, mtoto wa maskini alisoma pamoja na mtoto wa mkubwa. Vijana hujibu kwamba nyakati hizo watu walipanga foleni ya sabuni, na kwamba leo kila kitu kipo dukani. Wazee huuliza: kipo, lakini kwa ajili ya nani? Swali hilo ni zito, nalo linagusa imani yetu, kwa sababu Kanisa halikuachiwa roho za watu peke yake bila miili yao, mishahara yao na mikate yao ya kila siku.

Katika makala hii tunalinganisha ubepari na ukomunisti, si kwa nadharia za wataalamu wa uchumi, bali kwa jinsi mifumo hiyo ilivyomfikia mfanyakazi, mkulima, mama mwenye watoto na mzee aliyestaafu. Tumechagua nchi moja, Poland, ambako watu wale wale waliishi chini ya mifumo yote miwili. Kisha tutatazama kwa kifupi yaliyotokea kwetu Tanzania, na mwishoni tutaeleza Kanisa linafundisha nini.

Maana ya maneno

Ubepari ni mfumo ambamo viwanda, mashamba makubwa, mabenki na njia nyingine kuu za uzalishaji humilikiwa na watu binafsi au makampuni. Bei hupangwa na soko, na mwenye mtaji huamua nini kizalishwe kwa kutazama faida atakayopata.

Ukomunisti, kama ulivyoelezwa na Karl Marx na Friedrich Engels katika Ilani yao ya mwaka 1848, ulikusudia kuondoa umiliki binafsi wa njia hizo za uzalishaji na hatimaye kufuta matabaka yenyewe. Katika utekelezaji uliofuata Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, mali iliwekwa mikononi mwa dola, dola ikawekwa mikononi mwa chama kimoja, na chama hicho kikajitangaza kuwa mpinzani wa dini.

Neno ujamaa lina maana pana zaidi. Wapo wajamaa wengi duniani wanaokubali uchaguzi huru, umiliki binafsi na uhuru wa kuabudu. Kwa hiyo si haki kumwita mkomunisti kila anayewatetea maskini, kama ilivyo si haki kumwita bepari mnyonyaji kila mwenye duka.

Kwa nini Poland?

Sababu ya kwanza tumekwisha kuitaja: mtu aliyezaliwa Poland mwaka 1940 alifanya kazi miaka mingi chini ya serikali ya kikomunisti, akaingia uzeeni chini ya soko huria. Hahitaji kusimuliwa na mtu mwingine.

Sababu ya pili ni kwamba Wapoland walio wengi ni Wakatoliki, na kutoka kwao alitoka Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye katika ujana wake, wakati wa vita, alifanya kazi ya mikono katika machimbo ya mawe na katika kiwanda cha kemikali. Alipoandika juu ya kazi, aliandika juu ya jambo alilolijua kwa mikono yake.

Sababu ya tatu iko karibu nasi zaidi. Huko Tengeru, karibu na Arusha, yapo makaburi takribani 150 ya Wapoland. Hawa walikuwa miongoni mwa watu waliohamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti kutoka mashariki ya Poland katika miaka ya 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati. Walipoachiliwa, wengi walipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao wakapokewa Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Huko Nyabyeya, karibu na Masindi nchini Uganda, kanisa walilolijenga lingali limesimama. Vita vilipokwisha, wengi hawakurudi kwao, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa zimeingizwa katika mipaka ya Umoja wa Kisovieti na nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa kikomunisti.

Maisha chini ya ukomunisti

Tuanze na mema, maana ukweli nusu si ukweli. Vita Kuu ya Pili iliiacha Poland ikiwa magofu. Raia wake wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa, na mji mkuu, Warszawa, ulikuwa umebomolewa karibu wote. Serikali mpya iliijenga miji upya, ikapeleka umeme vijijini, ikawafundisha watu wazima kusoma na kuandika, ikafungua zahanati na vyuo. Mtoto wa mkulima aliyezaliwa katika nyumba ya udongo aliweza kuwa mhandisi au daktari. Kila mtu alikuwa na kazi, kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, na wafanyakazi walipelekwa likizo kando ya bahari au milimani kwa gharama nafuu. Wazee wa Poland wanaoyakumbuka hayo kwa shukrani hawasemi uongo.

Hata hivyo, kila jambo jema lilikuwa na bei yake.

*Chakula.* Bei ya nyama, sukari na mkate ilipangwa na serikali, nayo iliwekwa chini ili wananchi waridhike. Lakini bei hiyo haikumpa mzalishaji sababu ya kuzalisha zaidi, na viwanda vilitazama namba zilizoandikwa katika mpango wa serikali kuliko mahitaji ya mteja. Matokeo yake, watu walikuwa na fedha mfukoni na maduka yalikuwa matupu. Kadi za mgao wa sukari zilianza mwaka 1976, na za nyama mwaka 1981. Akina bibi waliamka kabla ya alfajiri kwenda kushika nafasi katika foleni. Watu waliandikisha majina katika orodha na kuitwa mara kadhaa kwa siku, asiyeitika alifutwa. Mama aliyetoka kiwandani jioni alianza kazi ya pili, nayo ilikuwa kusimama.

*Usawa.* Ulihubiriwa usawa, lakini palikuwa na milango miwili. Yalikuwapo maduka ya serikali yaliyouza bidhaa nzuri kwa fedha za kigeni kama dola za Kimarekani, na wenye vyeo katika chama na polisi walikuwa na njia zao za kupata kile ambacho wengine walikingoja kwenye foleni. Mnyonge aliona kwamba mabwana hawakuondoka, bali walibadilika majina.

*Nyumba.* Kodi ilikuwa ndogo kwa aliyekwisha kupata nyumba. Wanandoa vijana walisubiri zaidi ya miaka 10, wakiishi na watoto wao katika chumba kimoja cha wazazi.

*Sauti ya mfanyakazi.* Nchi ilijiita ya wafanyakazi, lakini mfanyakazi hakuruhusiwa kugoma wala kuunda chama chake. Mwezi Juni 1956 wafanyakazi wa mji wa Poznań waliandamana wakidai mkate na uhuru. Jeshi liliitwa, na makumi ya watu wakauawa. Mwezi Desemba 1970, siku chache kabla ya Noeli, serikali ilipandisha ghafla bei ya chakula. Wafanyakazi wa bandari na viwanda vya meli katika miji ya pwani waligoma, na zaidi ya 40 wakapigwa risasi wakafa.

*Imani.* Shirika la Caritas, lililowahudumia maskini na yatima, liliporwa na serikali mwaka 1950. Mwenyeheri Kardinali Stefan Wyszyński alifungwa bila kuhukumiwa kuanzia mwaka 1953 hadi 1956. Karibu na Kraków ulijengwa mji mpya wa wafanyakazi wa chuma, Nowa Huta, uliokusudiwa kuwa mji usio na kanisa. Mwaka 1960 serikali ilipotaka kuung'oa msalaba uliosimikwa na waamini, wanawake ndio waliotangulia kuulinda, na wananchi wakapambana na polisi. Baada ya miaka mingi ya kuomba kibali, kanisa lilijengwa kwa kujitolea, na likatabarukiwa na Kardinali Karol Wojtyła tarehe 15 Mei 1977. Wakazi wa mji huo walikuwa wamepewa kazi na nyumba, lakini walikataa kuambiwa kwamba mwanadamu hahitaji zaidi ya hayo.

Gdańsk, Agosti 1980

Tarehe 14 Agosti 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk waligoma kwa sababu mwenzao, mama mmoja mwendeshaji wa kreni aitwaye Anna Walentynowicz, alikuwa amefukuzwa kazi miezi michache kabla ya kustaafu. Walipachika picha ya Papa na ya Bikira Maria kwenye lango la kiwanda, wakaungama na kuadhimisha Misa ndani ya uzio. Kisha wakaandika madai 21.

Madai hayo yanastahili kusomwa na kila anayetaka kujua wanyonge huhitaji nini. Dai la kwanza lilikuwa haki ya kuunda vyama huru vya wafanyakazi. Walidai pia uhuru wa kusema na nafasi ya dini katika vyombo vya habari, kuondolewa kwa upendeleo wa polisi na wakubwa wa chama, nafasi za kutosha katika shule za chekechea kwa ajili ya watoto wa akina mama wafanyakazi, kupunguzwa kwa muda wa kungoja nyumba, na mapumziko ya siku ya Jumamosi. Walidai hata kadi za mgao wa nyama mpaka hali ya soko itakapotengemaa, kwa maana waliona kwamba mgao wa haki ni afadhali kuliko upendeleo wa kificho.

Katika madai hayo hatuoni ombi la kurudishwa kwa mabepari wa zamani, wala hatuoni sifa kwa mfumo uliokuwapo. Wafanyakazi walidai kutendewa kama watu. Mapatano yalitiwa saini tarehe 31 Agosti, na chama cha Solidarność, maana yake Mshikamano, kikafikisha wanachama wapatao milioni 10.

Tarehe 13 Desemba 1981 serikali ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa chama hicho. Siku tatu baadaye wachimbaji 9 wa makaa ya mawe waliuawa katika mgodi wa Wujek. Mwaka 1984 Padre Jerzy Popiełuszko, aliyekuwa akiadhimisha Misa kwa ajili ya nchi na kuwahimiza watu kuushinda ubaya kwa wema, alitekwa na kuuawa na maofisa wa usalama. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 2010. Pamoja na hayo, watu hawakushika silaha. Mwaka 1989 serikali ilikubali kuketi nao katika mazungumzo, na uchaguzi wa tarehe 4 Juni mwaka huo ukaufikisha ukingoni utawala wa chama kimoja.

Maisha chini ya ubepari

Tarehe 1 Januari 1990 serikali mpya ilianza mageuzi makali ya uchumi, yaliyopewa jina la waziri wa fedha, Leszek Balcerowicz. Bei nyingi ziliachiwa soko, ruzuku zikaondolewa, na biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Katika muda mfupi bidhaa zilionekana. Watu waliuza nyama, nguo na matunda barabarani, juu ya vitanda vya kukunja na juu ya maboneti ya magari. Foleni zikatoweka, na bibi aliyekuwa akiamka alfajiri akalala hadi jua lilipochomoza.

Lakini mwaka huo bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 500, na akiba ya miaka mingi ikawa haina thamani. Viwanda vikaanza kufungwa. Ukosefu wa ajira, ambao wengi waliufahamu kutoka vitabuni tu, ulifikia zaidi ya asilimia 16 mwaka 1993, na kwenye mwaka 2002 ulikaribia asilimia 20. Akina mama wa viwanda vya nguo vya mji wa Łódź walirudishwa nyumbani soko la Kisovieti lilipoanguka. Mashamba ya serikali yalivunjwa, na katika vijiji vilivyoyategemea, karibu kila mlango ulikosa mshahara kwa wakati mmoja. Huko umaskini ulirithiwa na watoto. Jacek Kuroń, waziri wa kazi aliyewahi kufungwa gerezani kwa kuupinga ukomunisti, alisimama kugawa supu kwa wahitaji. Kiwanda cha meli cha Gdańsk chenyewe, mahali ilipozaliwa Solidarność, kilifilisika mwaka 1996.

Hapa nako tusiseme nusu ya ukweli. Uchumi wa Poland uliinuka na kukua mfululizo kuanzia mwaka 1992 hadi 2019. Mwanamume aliyetarajiwa kuishi wastani wa miaka 66 hivi mwanzoni mwa mageuzi, mwaka 2019 alitarajiwa kuishi kama miaka 74. Magazeti yakawa huru, makanisa yakajengwa, na watu wakasafiri bila kuomba ruhusa ya chama. Nchi ilipoingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004, zaidi ya watu milioni moja walikwenda kufanya kazi Uingereza, Ireland, Ujerumani na kwingineko. Walituma fedha nyumbani, lakini maparokia mengi yalibaki na watoto waliolelewa na bibi zao huku wazazi wakisikika kwa simu. Jambo hilo nasi tunalijua.

Jumapili kama kipimo

Lipo jambo moja dogo linaloonyesha jinsi mifumo hii, inayojiita maadui, inavyoweza kufanana. Katika miaka ya 1970 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Silesia waliwekwa katika zamu zisizokatika, hata Jumapili, ili mpango wa serikali utimie. Askofu Herbert Bednorz wa Katowice alipinga waziwazi, akifundisha kwamba Jumapili ni ya Mungu na ni ya watu. Wachimbaji wenyewe walipogoma mwaka 1980 walidai zamu hizo ziondolewe.

Baada ya mwaka 1990 hapakuwa tena na mpango wa serikali, lakini maduka makubwa yalifunguliwa siku saba za juma. Mama mwenye watoto aliyeketi kwenye mashine ya kupokea fedha hakupata Misa wala chakula cha pamoja na familia, si kwa amri ya chama bali kwa hofu ya kupoteza kazi. Solidarność ile ile, ikiungwa mkono na maaskofu, ilifanya kampeni mpaka sheria ya kuzuia biashara ya Jumapili ikaanza kutumika hatua kwa hatua mwezi Machi 2018.

Mchimbaji alinyang'anywa Jumapili yake kwa jina la taifa, na mwuzaji akanyang'anywa yake kwa jina la mteja. Katika hali zote mbili mwanadamu alihesabiwa kama sehemu ya mashine. Kwa hiyo, anayetaka kuupima mfumo wowote asitazame kwanza bendera yake; amwulize mtu wa chini kabisa kama anapata kupumzika, kusali na kula na watoto wake.

Yaliyotokea kwetu

Ujamaa wa Tanzania haukuwa ukomunisti. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ambaye mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005, aliujenga juu ya maisha ya familia ya Kiafrika na akakataa fundisho la vita vya matabaka. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilitaifisha mabenki na njia kuu za uchumi, lakini pia liliwawekea viongozi miiko ili wasijitajirishe. Maelfu kwa maelfu ya watu wazima walijifunza kusoma, shule za msingi zikafika vijijini, na Watanzania wa makabila na dini mbalimbali wakajifunza kuitana ndugu.

Hata hivyo, mtu wa kawaida aliyaonja pia machungu yanayofanana na yale tuliyoyaeleza. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 mamilioni walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na mahali pengine nguvu zilitumika. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga wenyewe, vilivunjwa mwaka 1976. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa, ilichukuliwa na serikali mwaka 1972 na kurudishwa mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu ya vita vya Kagera, bei ya mafuta, ukame na udhaifu wa mashirika ya umma, sukari, sabuni na khanga vikawa vitu vya foleni na vya ulanguzi.

Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, bidhaa zilirudi madukani. Lakini viwanda vingi vilibinafsishwa na baadhi vikageuka maghala, wagonjwa wakatakiwa kuchangia gharama za matibabu, na watoto wengi wakakosa shule mpaka ada ya shule za msingi ilipofutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kumbe wazee na vijana wetu wanaobishana wote wana haki: kila mmoja anasimulia upande wa jeraha alioupata.

Kanisa linafundisha nini?

Papa Leo XIII, katika Waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwatetea wafanyakazi dhidi ya matajiri waliowatumikisha kwa ujira usiotosha, akadai mshahara wa haki na uhuru wa kuunda vyama. Katika Waraka huo huo alikataa pendekezo la kufuta umiliki binafsi, akisema kwamba dawa hiyo ingemuumiza mfanyakazi yule yule inayodai kumponya. Papa Pius XI aliulaani ukomunisti usiomkiri Mungu mwaka 1937, miaka sita tu baada ya kukemea, katika Quadragesimo Anno, uchumi unaokusanya nguvu zote mikononi mwa watu wachache.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na si mtu kwa ajili ya kazi. Na kwamba mfanyakazi hutangulia mtaji. Miaka 10 baadaye, ukomunisti ulipokuwa umeanguka nchini kwake, wengi walimtazamia aushangilie ubepari. Katika Centesimus Annus alieleza kwamba kosa la msingi la ujamaa wa aina ile lilikuwa kutomwelewa mwanadamu. Alikubali pia wema wa biashara, ubunifu na soko linaloongozwa na sheria za haki. Lakini alikataa kabisa wazo kwamba kuanguka kwa mfumo mmoja kunaufanya ule mwingine kuwa njia pekee. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2425, inaweka mafundisho hayo kwa ufupi: Kanisa linakataa itikadi za kiimla na zisizomkiri Mungu zilizoambatana na ukomunisti, na vilevile linakataa ubinafsi wa kibepari unaoiweka sheria ya soko juu ya kazi ya mwanadamu.

Kutokana na hayo tunapata nguzo nne. Kwanza, *utu*: kila mtu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu kabla hajawa mzalishaji au mteja. Pili, *mali ya dunia ni kwa ajili ya wote*: umiliki binafsi ni haki, lakini una wajibu kwa jirani. Tatu, *mshikamano*: shida ya mmoja ni yetu sote. Nne, *kanuni ya auni*: lile linaloweza kufanywa na familia, ushirika au kijiji, dola isilinyang'anye, bali isaidie pale nguvu zinapopungua. Ukomunisti uliikanyaga nguzo ya nne kwa jina la ile ya tatu. Ubepari usio na mipaka huutetea uhuru wa mwenye nacho na kusahau kwamba mali ni kwa ajili ya wote.

Maswali kwa ajili ya Jumuiya

Wengi wetu hatutaandika sheria za uchumi wa nchi. Lakini kila mmoja wetu ana mahali ambapo yeye ndiye bepari au ndiye dola. Tunapendekeza kwamba jumuiya zitafakari mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo 20:1-16, kwa msaada wa maswali haya:

1. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani, kijana anayelinda mlango na kibarua anayetulimia, je, tunawalipa ujira unaowatosha, na kwa wakati? Wana siku ya kupumzika na kusali?

2. Wenye maduka na biashara kati yetu, je, huficha bidhaa wakati wa uhaba ili kungoja bei ipande?

3. Katika vyama vyetu vya akiba na mikopo, na katika miradi ya parokia, je, wanyonge wana sauti, au viongozi wamejitengenezea mlango wao wa nyuma?

4. Je, tunautunza mshahara na mali ya umma kama mali yetu, au tunafanya kazi kwa uvivu kwa kuwa hakuna mwenye kuuliza?

Wafanyakazi wa Gdańsk waliandika madai yao juu ya mbao mbili, wakazitundika langoni ili kila apitaye azisome. Mbao hizo zimehifadhiwa hadi leo. Yafaa nasi tujiulize, ikiwa wale wanaotutumikia wangepewa ubao na chaki, wangeandika nini mlangoni petu?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.